Kuchagua Kiti cha Haja cha Mtoto Mdogo

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za kitu ambacho watu wengi hukiona kuwa kidogo mno, hata huona haya kikitajwa mbele ya wageni. Kitu chenyewe ni kile kiti kifupi chenye tundu katikati, ambacho mtoto mdogo hukikalia anapofanya haja yake. Wauzaji madukani hukiita poti. Mimi nitakiita kiti cha haja. Najua kwamba mahali fulani yuko baba ambaye sasa hivi anacheka na kumwambia mkewe, "Haya, mama, leo unasemeshwa wewe." Sivyo, bwana. Maneno haya ni yako wewe pia, kwani aghalabu wewe ndiye utakayetoa fedha za kukinunua, au utakayempelekea seremala mbao. Na mtoto akishikwa na tumbo usiku wa manane, wewe pia utahangaika kutafuta njia ya kumfikisha zahanati.

Kwanza tujiulize: kiti hiki ni cha nini? Mtoto mchanga hufungwa nepi, na mtu mzima huenda chooni. Lakini kati ya nepi na choo upo wakati wa mashaka, nao ni tangu mtoto anapoanza kutembea vizuri mpaka afikapo miaka mitatu au minne. Wakati huo nepi amekwisha kuichoka, na choo cha shimo bado hakimfai. Mlango ni mzito, ndani mna giza, tundu ni pana kuliko hatua yake, na akichungulia chini haoni mwisho. Hofu yake si ujinga, ni akili. Basi hukimbilia nyuma ya nyumba, akachuchumaa penye mgomba. Mama au dada yake huja na jembe akafukia kidogo, au akakizoa kinyesi na kukitupa jaani. Akiulizwa hujibu, "Kinyesi cha mtoto hakina neno, mtoto hula uji na maziwa tu."

Neno hilo, ndugu zangu, ndilo lililonileta mbele yenu, kwani si kweli, nalo limekwisha kuua watu. Nitawapa kisa kimoja kilichotokea. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti, mwaka 1854, kipindupindu kiliingia katika mtaa wa Soho, mjini London. Katika muda wa siku kumi hivi wakafa watu zaidi ya 500, na wengi wao walikuwa wakikaa karibu na kisima kimoja chenye pampu, katika njia iliyoitwa Broad Street. Daktari John Snow alichunguza habari za waliokufa, akaona kwamba wengi walikunywa maji ya kisima kile; na tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ukaondolewa.

Lakini maji yale yaliingiwaje na ugonjwa? Aliyelipata jibu ni kasisi wa mtaa ule, jina lake Henry Whitehead. Aligundua kwamba katika nyumba iliyokuwa karibu kabisa na kisima alikuwapo mtoto mchanga aliyehara kabla ya watu wengi kuugua, kisha akafa. Mama yake alikuwa akiloweka nepi zake katika ndoo, na maji yale akiyamwaga katika shimo la uchafu la nyumba. Shimo lile lilipochunguzwa mwaka 1855, matofali yake yalionekana yameoza na kulegea, na uchafu ulikuwa ukipenya ardhini kuelekea kisimani. Mtoto yule hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja. Wala mama yake hakuwa mzembe. Alifanya kama walivyofanya majirani zake. Basi nani atasema tena kwamba kinyesi cha mtoto hakina neno?

Wala si kipindupindu peke yake. Mtoto anaweza kuwa na michango tumboni naye anacheza kama kawaida. Mchango mmoja jike huweza kutaga mayai kiasi cha 200,000 kwa siku moja. Mayai hayo hutoka pamoja na kinyesi, na yakiangukia udongo wenye unyevu na kivuli, baada ya wiki chache huwa tayari kumwingia mtu mwingine kwa njia ya kinywa. Tena huweza kuishi udongoni kwa miaka. Jembe haliyaui mayai yale, jembe huyapanda. Tena yuko nzi apendaye kutua machoni mwa watoto na kueneza trakoma, ugonjwa unaopofusha macho. Nzi huyo hutaga mayai yake katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, lakini ndani ya choo cha shimo hazaliani.

Kwa hiyo mtu aendapo kuchagua kiti cha haja, maswali ya kujiuliza ni mawili tu. La kwanza: Je, mtoto wangu akikikalia, nyayo zake zitakanyaga chini? La pili: Je, kila kitakachoanguka ndani yake kitafika chooni, chote, pasipo kubaki wala kumwagika? Swali la kwanza ni kwa ajili ya mtoto. La pili ni kwa ajili ya watu wote wa nyumbani. Mambo mengine yote yatokana na hayo mawili.

Kabla ya kuyajibu, nataka kuwaondolea dhana moja, kwamba kiti hiki ni anasa mpya ya watu wa mjini. Katika mji wa Athens, nchi ya Uyunani, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kiti cha haja cha mtoto kilichofinyangwa kwa udongo, nacho ni cha karne ya sita kabla ya kuzaliwa Kristo. Kina kikalio juu na nafasi ya kupitishia miguu ya mtoto. Kwa hiyo wazazi wa miaka zaidi ya elfu mbili na mia tano iliyopita walisumbuliwa na jambo hili hili.

Tena hapa kwetu pwani wako watu waliolimaliza jambo hili bila kununua kitu. Mwaka 1977 wataalamu wawili, Marten na Rachel deVries, waliandika habari za Wadigo wa Kenya. Walieleza kwamba mama wa Kidigo huanza kumfundisha mtoto wake tangu wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Mama huketi chini na kunyoosha miguu, humweka mtoto katikati ya miguu yake, humshika vizuri, kisha humtolea sauti ya "shuu" mpaka akojoe. Kwa mafundisho hayo ya upole, mtoto huweza kukaa mkavu mchana na usiku apatapo miezi mitano au sita. Tazameni, basi: kiti cha mtoto yule ni miguu ya mama yake. Kinamshika asianguke, nacho kinamtuliza moyo. Kiti chochote cha kununua kina kazi ya kufanya kama miguu ile ifanyavyo, na kisipoifanya, hakina thamani hata kikipakwa dhahabu.

Sasa tulijibu swali la kwanza, la nyayo. Mtu akichuchumaa, msuli unaoizunguka njia ya haja kubwa hulegea, na njia yenyewe hunyooka. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hujikaza ili asianguke, na mwenye kujikaza hawezi kutoa haja kwa urahisi. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani au kwa seremala, mchukueni mtoto mpime. Mketisheni juu ya kigoda, chukueni kijiti, pimeni tangu nyuma ya goti mpaka chini ya kisigino, mkate kijiti hapo. Kwa mtoto wa miaka miwili kijiti hicho aghalabu hufika kiasi cha sentimeta 20, yaani karibu shibiri moja. Nendeni nacho sokoni. Kikalio kisipite urefu wa kijiti. Kikiwa kifupi kidogo kuliko kijiti ni bora zaidi, kwa kuwa magoti yatainuka, na mtoto atakaa karibu na kuchuchumaa. Msikubali maneno ya muuzaji asemaye, "Mtoto atakua." Ni kweli atakua, lakini haja yake ni ya leo.

Pili, kitazameni kitako chake. Kiwekeni sakafuni, si juu ya meza ya muuzaji, mkabonyeze ukingo wa mbele, kisha wa nyuma, kisha wa kila upande. Kikiinuka, kiacheni. Mtoto huketi kwa kujitupa na husimama kwa kuegemea upande mmoja. Kiti chepesi chenye kitako chembamba kitapinduka pamoja naye na vyote vilivyomo. Kiti chenye magurudumu kiacheni kabisa, hata kama mtoto anakililia. Hicho ni kigari, na kigari hutaka kwenda. Nyumba yenye sakafu ya udongo isiyo sawa hutaka kitako kipana zaidi kuliko nyumba ya saruji.

Tatu, tazameni tundu na ukingo wake. Tundu liwe pana kiasi cha kutosha, lakini lisiwe pana hata mtoto akazama na kubanwa kiunoni. Pitisheni kidole pande zote za ukingo, mjue kama una ncha au ufa. Kwa ajili ya watoto wa kiume, viti vingine vimeinuliwa ukingo wa mbele ili kuzuia mkojo usiruke nje. Ukingo huo ukiwa mfupi na wa mviringo haudhuru. Ukiwa mrefu na wenye makali humwumiza mtoto anapoketi, na akiumia mara moja atakikataa kiti siku nyingi. Ni afadhali mtoto wa kiume afundishwe kuinama mbele kidogo.

Nne, na hapa twafika kwenye swali la pili, tazameni bakuli. Bakuli la ndani litoke peke yake, kwa kuinuliwa moja kwa moja kwenda juu, pasipo kuvutwa kwa nguvu. Kwa maana linalong'ang'ania likilegea ghafla humwagika. Liwe na mahali pa kushika. Ndani liwe laini na la mviringo, lisiwe na kona wala mikunjo, kwani penye kona ndipo hubaki kile tusichotaka kibaki. Likiwa na kifuniko ni bora, kwa sababu ya nzi katika safari ya kutoka chumbani mpaka chooni. Viti vingine vimechorwa kama bata au kama gari, vina vijishimo vya macho na mapambo tele. Mtoto atavifurahia siku mbili, na mama atavisugua miaka miwili. Wenye kuimba wakikojolewa vina vyumba vya betri visivyopenda maji. Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma: anayechagua kwa macho tu aweza kurudi na kisichomfaa.

Tano, ni habari ya vitu vya kutengenezea. Kiti cha plastiki kizuri ni chepesi kuoshwa na huuzwa kwa bei nafuu. Kiti cha mbao huweza kutengenezwa na seremala yeyote wa kijijini: kisanduku kifupi chenye kitako kilichotanuka, ubao wenye tundu juu, kiegemeo nyuma, na bakuli la bati au la plastiki chini yake. Mbao zipigwe msasa mpaka ziwe laini, na misumari izamishwe. Ubao usiopakwa kitu hunywa mkojo na kunuka, lakini jihadharini na rangi yenye risasi, kwani watoto hutafuna kila kitu, na risasi huharibu akili ya mtoto. Rangi ambayo muuzaji hawezi kuonyesha kwenye kopo lake kwamba haina risasi, msiipake. Wala msifanye bakuli kwa chombo kilichokuwa na dawa ya kuulia wadudu, hata kikioshwa mara ngapi; wala kwa kopo lililokatwa likabaki na makali.

Basi kiti kimekwisha kupatikana. Je, mtoto ataanza lini? Tumekwisha kuona kwamba Wadigo huanza mapema sana. Waganga wengi wa watoto siku hizi hushauri kungoja dalili: mtoto atembee vizuri, aweze kukaa mkavu kama saa mbili, aweze kuvuta nguo yake chini, na aonyeshe kwa neno au kwa ishara kwamba haja imemjia. Kwa watoto wengi dalili hizo huonekana kati ya miezi 18 na miaka miwili na nusu. Njia hizo mbili zaonekana kupingana, lakini zapatana katika jambo moja kubwa, nalo ni upole. Siku za kwanza mwacheni akikalie kiti na nguo zake, akizoee. Kisha awekwe baada ya kula, maana chakula kikiingia tumboni matumbo huamka. Dakika tano zatosha. Asifungwe kitini kwa kamba, wala asiachwe peke yake hata akalala.

Wala asipigwe. Nasema hili kwa mkazo, kwa kuwa najua wako wazazi ambao fimbo yao ya kwanza kwa mtoto ilikuwa kwa ajili ya nguo iliyolowa. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya haja hajifunzi kuitoa mahali pake, hujifunza kuizuia. Choo kikizuiliwa hukauka na kuwa kigumu, kikiwa kigumu humwumiza kinapotoka, na akiumia huzidi kukizuia. Mzazi huona ukaidi, kumbe ni maumivu. Mtoto akipata choo kigumu mara kwa mara, apewe maji, matunda na mboga, na isipokoma apelekwe zahanati. Pia mtoto aliyekwisha kujua aweza kusahau akizaliwa ndugu yake au akiugua. Aanzishwe tena bila matusi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sasa sikilizeni sehemu iliyo kubwa kuliko zote. Mtoto akimaliza, kazi ya kiti haijaisha, imefika nusu. Bakuli lichukuliwe mara ile ile, limwagwe ndani ya tundu la choo, lisiachwe kuku wala mbwa wakalifikia. Kabla mtoto hajaketi, tieni maji kidogo ndani, ili kinyesi kisigande. Maji ya kuoshea bakuli nayo yamwagwe chooni, si bustanini wala mferejini. Kumbukeni ndoo ya yule mama wa London. Bakuli lisuguliwe kwa sabuni na kwa brashi yake lenyewe, likaanikwe juani, mbali na karo la vyombo vya chakula. Kisha mikono ioshwe kwa sabuni, ya aliyemwaga na ya mtoto pia. Sabuni ikikosekana, hata majivu yafaa.

Nanyi wanafunzi mnaousoma ukurasa huu, msidhani kwamba mambo haya ni ya wazazi tu. Katika nyumba nyingi anayetumwa kumwaga bakuli ni ninyi. Mtu akiwaambia, "Mwaga hapo nyuma tu, si cha mtoto?" mjibuni kwa adabu na kwa kisa cha kisima cha Broad Street.

Mwisho, kiti hiki si mahali pa kukaa milele. Ni daraja la kwendea chooni. Mtoto akikizoea, kisogezeni kidogo kidogo, leo ukumbini, kesho uani, baadaye karibu na mlango wa choo. Kisha wekeni juu ya tundu la choo ubao imara wenye tundu dogo ambalo mtoto hawezi kupenya, na mwanga uingie ndani. Siku moja ataingia mwenyewe, nanyi mtakiosha kiti na kumwekea mdogo wake.

Wazee wetu wa Tanzania wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati watu wapatao milioni mbili walipokusanyika katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Kazi ile ilikuwa njema sana. Lakini choo kilichochimbwa kwa ajili ya baba na mama, na mtoto akabaki nyuma ya mgomba, ni choo ambacho hakijakamilika. Kiti kifupi chenye kitako kipana, ambacho nyayo za mtoto zinafika chini na bakuli lake linafika chooni, ndicho kinachokikamilisha.

Basi nendeni mkakate kijiti. Kwaherini.